Meza Isiyo na Mashimo

Wiki mbili zilizopita nililetewa mzigo kutoka Beni. Lilikuwa kopo kuukuu la maziwa ya unga, limefungwa kwa utepe uliokatwa kwenye mpira wa tairi la pikipiki, na chini ya utepe karatasi ya daftari yenye mwandiko wa mtoto wa marehemu Saidi dereva: "Mama Masika, baba alisema tukurudishie." Nililifungua juu ya meza yangu ya kuandikia, katikati ya karatasi za mitihani nilizokuwa nikizikwepa tangu Jumatatu. Kabla jicho halijaona, pua ilishajua. Chaki ya bluu. Na chini ya chaki, kwa mbali kabisa, harufu ya maharage makavu.

Ndani mlikuwa na mipira mitatu migumu, mizito kama mawe ya mtoni. Miwili ilikuwa myeupe zamani. Sasa ina rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Wa tatu ni mwekundu.

Kasereka, mtoto wa mdogo wangu, alikuwa amekaa karibu na dirisha akisubiri simu yake ijae chaji. Kijana huyu anajulikana mtaa mzima wa Mususa kwa kucheza biyari, ile pool ya mashimo, na hajawahi kuniacha nikasahau. Aliuchukua ule mwekundu, akaupima kiganjani.

"Tantine, huu utaingia mu shimo gani? Ni mukubwa sana."

"Hauingie mu shimo. Meza yake haina mashimo."

"Sasa banacheza nini?"

"Unapiga wako, unaenda kugusa ile mingine yote mbili. Basi."

"Kugusa tu?" Alicheka kwa heshima, yaani kwa kufunika mdomo. "Mais, Tantine, iyo ni muchezo ya batoto!"

Nina shahada mbili. Nimewahi kuandika makala ndefu kuhusu utawala bora, ikasomwa na watu wanne, mmoja wao mimi mwenyewe. Wenzangu wameikosoa hadharani na nikalala usingizi mzuri. Lakini neno hilo la Kasereka lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Naandika ili kumjibu, na kwa kuwa yeye hasomi kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu, nawaandikia ninyi wa rika langu, mnaokumbuka Butembo ya vumbi jekundu na mabati mapya.

Nyuma ya kanisa letu kulikuwa na ukumbi mrefu, baridi, wenye madirisha ya juu sana. Katikati ya ukumbi ilisimama meza. Ilikuwa na miguu sita minene ya kuchongwa, kitambaa cha kijani kilichochakaa, na kingo zilizoinuka pande zote, zimevishwa raba kwa ndani. Ilitoka Kipese, kwenye nyumba ya mlowezi mmoja Mbelgiji aliyeondoka akaacha kila kitu. Kanisa lilinunua mabenchi yake, kabati zake na hiyo meza. Chini ya kitambaa mlikuwa na mawe matatu mapana, laini, kila moja likihitaji wanaume wanne kulishusha kwenye lori.

Wazee wa kanisa waliizunguka wakijiuliza ni meza ya nini. Sisi watu wa huku tukiona kitu, swali letu la kwanza ni kinafanya kazi gani, na hatutulii mpaka tukipatie kazi. Muzee Katembo, katibu wa baraza la wazee, mtu aliyependa utaratibu kuliko chakula, ndiye aliyelitatua. Alipitisha kiganja ukingoni taratibu. Kingo zimeinuka ili punje zisianguke. Kitambaa ni ili punje zisiteleze. Kijani ni ili jicho lione upesi haragwe bovu na kijiwe. Hii ni meza ya kuchagulia maharage.

"Bazungu bale," alisema kwa mshangao wa kweli, "balikuwa banaheshimu maharagi."

Hakuna aliyebisha. Butembo nzima ilijua biyari kwa mashimo yake, na hii haikuwa na shimo hata moja. Kwa hiyo ikawa meza ya maharage, na kila Jumapili ya mavuno ikawa meza ya matoleo: viazi vya Kipese, vitunguu, kabichi kubwa kama vichwa vya ndama, mayai ndani ya kikapu. Pasta aliomba juu yake akiwa ameshika ukingo kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nikisimama mbele na watoto wengine, nikijua kitu ambacho Pasta hakukijua, na kujua huko kulinifanya nijione mrefu.

Aliyenijulisha alikuwa Tantine Kavira, dada mkubwa wa baba yangu. Alikuwa mjane, kiongozi wa kwaya ya akina mama, na ndiye aliyetunza ufunguo wa ukumbi. Baba yao alikuwa mpishi kwenye nyumba ile ya Kipese, na kazi yake Tantine, tangu akiwa msichana, ilikuwa kupiga brashi kitambaa cha kijani kila asubuhi. Mlowezi alipoondoka, nyumba ilibaki na mpishi, watoto wa mpishi, na ile meza. Mvua ya Kipese ni ndefu na ina baridi ya kuuma mifupa. Mtu hawezi kuwasha moto siku nzima bila kutafuta kitu kingine cha kufanya, na mipira mitatu ilikuwa pale pale. Na kanisa liliponunua vyombo, ni Tantine aliyewaambia wazee: chukueni na hii, ni nzito, haitikisiki. Hakudanganya.

Alasiri baada ya shule nilimsaidia kuchagua maharage ya wagonjwa wa hospitali. Tulichagua kweli, na hakuna mgonjwa wa Butembo aliyevunja jino kwa sababu yetu. Kisha Tantine alikunja gunia, akatia mkono ndani ya maharage mpaka kwenye kiwiko, akatoa kopo la maziwa ya unga. Fimbo ilikuwa imeegemea ukutani mbele ya watu wote mwaka mzima: ndiyo iliyotumika kufungia yale madirisha ya juu.

Wiki nyingi hakuniruhusu kupiga. Aliweka mipira mezani, akaniuliza nikigonga hapa utaenda wapi, nami nilionyesha kwa kidole, naye alipiga ili nione nilivyokosea.

"Utaona kwanza, njo utapiga," alisema, yaani jicho kwanza, mkono baadaye. Nilipopewa fimbo hatimaye, nilikita kama mtu anayetwanga. "Masika! Hapana piga kama mutu anaua nyoka. Pitisha fimbo ndani ya mupira. Uisindikize."

Nilijifunza kwamba mpira ukipigwa chini hugonga mwenzake kisha hurudi kwako kama mbwa aliyeitwa. Ukipigwa juu, humfuata mwenzake. Ukipigwa pembeni unajizungusha, na ukifika ukingoni unakwenda mahali ambapo hesabu ya shule inasema hauwezi kwenda. Hiyo aliiita efe. Tantine aliweza kugonga mara ishirini bila kukosa, mipira mitatu ikiwa imekusanyika kwenye kona kama kuku wanaogombea punje. Rekodi yangu mimi, tangu siku hiyo mpaka leo, ni nne.

Miezi ile ile, mfanyabiashara mmoja alileta biyari nyingine ya mashimo kutoka Uganda, kupitia Kasindi, akaiweka kwenye baa ya barabarani. Vijana wa kanisa wakaanza kuchelewa mazoezi ya kwaya. Pasta alihubiri juu yake Jumapili tatu mfululizo. Alisema shimo lile halishibi. Mimi nilikuwa nimewahi kuchungulia pale nikitoka shule, nikaona mipira yenye namba ikianguka mmoja mmoja gizani, kisha nikasikia ikinguruma ndani ya tumbo la meza. Nikaelewa, kwa akili yangu ya miaka kumi, kwamba Pasta alikuwa akisimulia mambo jinsi yalivyo. Ile mipira ni vijana, namba zao zimeandikwa, na wanakwenda motoni kwa zamu. Kutokana na hapo nikafikia hitimisho ambalo bado naliona lina mantiki: meza yetu, kwa kuwa haina shimo, ni biyari iliyookoka. Kwetu hakuna anayepotea. Mitatu inaanza, mitatu inamaliza. Niliamini Tantine anaificha kwa unyenyekevu tu, kama Wakristo wanavyotakiwa kuficha sadaka zao.

Aliyetufichua hakuwa na nia mbaya. Saidi alikuwa kijana wa familia ya wasafirishaji Waislamu wa Beni, akiendesha lori la baba yake kati ya Beni na Butembo. Kwenye biyari ya mashimo hakuwa na mpinzani barabara nzima. Walisema anaweza kumaliza meza kwa zamu moja, na akitaka kukutukana anaimaliza kwa mkono wa kushoto. Siku hiyo alileta mbao za dari ya kanisa. Aliingia ukumbini akiwa na ubao begani, Muzee Katembo nyuma yake na karatasi ya kupokelea. Tantine nami tulikuwa mezani, tukichagua maharage kwa uaminifu mkubwa.

Saidi aliweka ubao chini. Alitazama. Akaja, akabonyeza raba ya ukingo kwa kidole gumba, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekutana na ndugu aliyedhani amekufa.

"Wallahi! Mama, hii ni biyari ya Babeleji! Baba yangu aliniongeleaka, sikuionaka hata siku moja. Na mu kanisa!"

Muzee Katembo aliacha kuandika. "Umesema nini?"

Saidi alimtazama Tantine, akaona uso wake, akaelewa amefanya nini. "Nimesema... ni meza muzuri, Muzee."

"Hapana. Umesema biyari."

Muzee Katembo alichukua kiazi kimoja cha mviringo kwenye kikapu, akakiviringisha mezani. Kiligonga raba, kikamrudia mkononi. Akakiviringisha tena. Kikarudi. Mara ya tatu alikishika.

"Maharagi hapana haja ya kurudishwa," alisema polepole.

Baraza likakutana Jumamosi mchana, humo humo ukumbini, wazee saba kwenye mabenchi ya Kipese. Nilikuwapo kwa sababu nilikuwa mshirika wa kosa. Jambo lilikuwa wazi hata kwangu: ikiamuliwa kwamba ni biyari, meza itavunjwa, na Tantine atanyang'anywa ufunguo, kwaya, na nafasi yake kwenye meza ya Bwana. Baba yangu alikaa kwenye benchi la nyuma, akitazama viatu vyake.

"Biyari ni muchezo ya bahati," alisema Pasta. Hakuwa mtu mkali. Alisema kama daktari anayesoma karatasi. "Na bahati ni dada ya kamari. Mama Kavira, unajua vile tulihubiri."

"Haina mashimo!" nilipiga kelele. Wazee wote waligeuka. Nilitaka kuwaeleza kuhusu vijana wenye namba, lakini baba aliinua macho kutoka kwenye viatu na nikanyamaza.

"Mutoto anasema kweli," Tantine alisema. Alikuwa amesimama, mikono imekunjwa juu ya kitenge chake cha kwaya. Alikivaa makusudi. "Ile ya mashimo, labda iko na bahati. Unapiga kwa nguvu, mipira inakimbia kila pande, moja inaanguka, batu banakupigia makofi. Hii hapana. Hapa bahati haina pa kuingilia. Mukitaka, mupime."

Mtu mwingine angepuuza. Lakini neno "mupime" lilimwingia Muzee Katembo kama chumvi kwenye mchuzi. Alisema kitu cha bahati hakiwezi kurudiwa, donc, yaani kwa hiyo, kikirudiwa si bahati. Akapendekeza mara kumi mfululizo. Tena akapendekeza kipimo kianzwe na Saidi, aliyekuwa amekuja kutoka Beni kwa aibu yake mwenyewe, kofia safi kichwani, akisema yuko tayari kushuhudia lolote. Bingwa wa mashimo akiweza na hii, basi ni mchezo ule ule. Wazee wakakubali. Pasta aliwatazama kama mtu aliyepanda gari na kugundua linakwenda mji mwingine.

Saidi alipaka chaki, akainama. Alikuwa na mkono mzuri, nyie. Ulitulia kama umewekwa na fundi. Akapiga. Mpira wake uligonga mwekundu sawasawa, katikati, jinsi anavyogonga kila siku, na mwekundu ukakimbia moja kwa moja kwenye kona ambayo ingekuwa na shimo. Kona haikuwa na shimo. Mwekundu ukarudi, ukapita katikati ya meza nzima, ukasimama mbali na kila mtu. Mpira wa Saidi ulibaki pale ulipogongea. Akajaribu tena, akapata moja ambayo hata yeye aliicheka. Ya tatu akakosa kwa upana wa kiganja.

"Muzee," alisema, akijifuta jasho, "miye nilijifunza kuondosha mupira mu njia. Hapa mupira haitoke."

Kasereka, ungekuwa unasoma, ungesimama hapo. Nimeyafikiria maneno hayo ya Saidi kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiria utawala bora. Mchezo wako wa mashimo una ugumu wake, siukatai. Lazima ulenge, lazima ujue mpira wako utalala wapi kwa ajili ya zamu inayofuata. Lakini kila ukifanikiwa, meza inakusamehe kidogo; tatizo moja limeanguka gizani na hulioni tena. Nilipokuwa Kampala kwa masomo niliona na snuka, meza ndefu kama shamba, mashimo membamba yasiyomeza uongo, na wazee wenye vizibao vya vifungo waliokaa saa mbili bila kutabasamu. Niliivulia kofia. Kule unahitaji jicho la mwindaji na subira ya mpangaji wa vita. Hata hivyo, nako mipira inapungua. Kwenye meza ya Tantine hakuna kinachopungua. Kosa ulilofanya sasa hivi linabaki pale mbele yako, jekundu, na ni wewe utakayeligonga tena. Ukifanya vizuri, zawadi yako ni kazi ile ile. Nitajie mchezo mwingine unaofanana hivyo na maisha ya mwanamke wa Butembo, kisha uniambie ni wa batoto.

Tantine alipokea fimbo kwa Saidi. Moja. Mbili. Muzee Katembo alihesabu kwa sauti, kalamu mkononi. Tatu ilikuwa ya mbali, kupitia ukingoni, na mzee mmoja alitoa sauti kama aliyeonja asali. Kufikia ya tano mipira ilikuwa imeanza kukusanyika konani, na Tantine alikuwa hagongi tena. Aligusa tu, kama mtu anayeamsha mtoto. Sita. Saba.

"Mama Kavira," alisema Pasta, taratibu. "Kwa kujua hivi, ilikuomba kazi ya miaka ngapi?"

Tantine alikuwa ameinama. Alibaki ameinama. Nilimtabasamia Pasta, kwa sababu nilidhani anamsifu.

"Miaka makumi mbili, Pasta."

Mvua ilianza kwenye mabati, matone machache machache. Pasta aliegemea mbele, na nikikumbuka sasa uso wake, naona alikuwa akimfungulia mlango. "Mutu anaweza kuchoka. Kama umechoka, wacha hapo. Saba inaweza kuwa bahati tu."

Nilihitaji miaka mingi kuelewa alichomwambia. Angekosa ya nane, lingekuwa kosa dogo: mjane mmoja alichezea mali ya kanisa, alibahatisha mara saba, anatubu, Jumapili tatu zinakwisha na anarudishiwa kwaya. Akizifikisha kumi, atakuwa amethibitisha kwa mkono wake mwenyewe mbele ya mashahidi saba kwamba amefanya hivi miaka ishirini. Tantine alilielewa kabla Pasta hajamaliza. Niliona vidole vyake vikilegea kwenye fimbo, kisha vikashika tena.

"Sijachoka," alisema.

Nane. Tisa. Kwenye ya kumi mipira ilikuwa imelala karibu karibu, na kulikuwa na mguso mdogo wa pembeni ambao hata mimi ningeuweza. Akauacha. Alizunguka meza, akapaka chaki bila haraka, akajipanga upande wa pili kabisa. Mpira wake uligonga mwekundu, ukaenda ukingo wa kwanza, ukajizungusha, ukaenda wa pili, ukavuka meza yote kwenda wa tatu, na hapo ukaanza kuchoka. Ulikuja polepole. Wazee wote waliinamisha mabega upande mmoja kuusaidia. Muzee Katembo alikuwa amesimama. Pasta mwenyewe, na nitaapa mahali popote, alinyoosha kidevu. Mpira ukagusa mweupe kwa sauti ndogo, kama punje moja ikianguka kwenye sahani.

"Kumi!" alipiga kelele Muzee Katembo, mikono juu. Kisha akakumbuka yeye ni nani, akakaa.

Pasta alimgeukia Tantine. "Sasa tunajua haina bahati," alisema, na mimi nikaruka. "Na njo maana ni mubaya zaidi. Bahati inaweza kukamata mutu mu njia. Lakini mwenye kufanya hivi, miaka makumi mbili, alikuwa anaomba saa ngapi?"

Tantine aliweka fimbo mezani. Vidole vyake vilikuwa vya bluu kwa chaki. "Pasta, kuimba pia kuliniomba kazi ya miaka makumi mbili."

Wazee waliinua mikono, na mikono ilikuwa saba, ukiwamo ule wa Muzee Katembo, ambao ulipanda mwisho na kushuka kwanza.

Adhabu ilikuwa miezi mitatu, kisha kutubu mbele ya kanisa. Miezi ikaisha. Tantine akasimama Jumapili, kanisa limejaa, akasema: "Naomba musamaha juu nilificha. Juu ya kucheza, siombi." Akakaa. Miezi mitatu ikaanza upya. Aliulizwa tena, akajibu vilevile, kwa adabu ile ile, mpaka wakachoka kumuuliza. Alikaa benchi la nyuma mpaka alipofariki, na nisiwadanganye, haikuwa rahisi. Sahani ya mkate ilipofika kwake alirukwa, na mimi niliyekaa kando yake niliona mkono wake kila mara ukianza kuinuka wenyewe. Ila kuimba hawakuweza kumkataza. Alishika sauti ya pili kule nyuma, na baada ya mwaka mmoja kila mtu alijua kwamba kwaya ya mbele ilikuwa ikimfuata yeye.

Mipira iliamriwa itupwe mto Kimemi. Kwa kuwa lori la Saidi lilikuwa linapita darajani, alipewa yeye kopo. Saidi alisema alisahau. Alisahau kwa zaidi ya miaka thelathini, chini ya kiti cha dereva, kupitia malori matatu na vita ambavyo sitavihesabu hapa.

Meza ilivunjwa na maseremala. Mbao zikawa rafu. Jiwe moja lilipasuka, jingine likawa la kufulia. La tatu lilibaki zima, na kwa kuwa tope letu jekundu lilikuwa linaingia kanisani na kila kiatu, wazee waliamua liwe kizingiti cha mlango mkubwa. Aliyelilaza ni Muzee Katembo mwenyewe, akiwa amepiga magoti na pima maji mkononi, siku nzima, mpaka povu likatulia katikati kabisa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini kizingiti kiwe sawa kiasi hicho.

Jana nilimwambia Kasereka anipeleke kanisani kwa pikipiki yake. Hapakuwa na mtu. Manyunyu yalikuwa yamekatika na nilikuwa na mwavuli. Jiwe lipo pale pale, jeusi, limelainika kwa visigino vya watu wanaoingia kumwabudu Mungu, wachungaji wanne tangu Pasta yule, na wazee wote, wakikanyaga biyari kwanza kila Jumapili. Nililipangusa kwa kitenge, nikaweka mwekundu katikati, nikaondoa mkono. Haukusogea.

"Tantine, batu bataona," Kasereka alisema.

"Baone."

Nilipanga na mingine miwili. Nikampa mwavuli uliofungwa, nikamwambia agonge kwa ncha, aguse yote miwili. Alicheka, akainama, akakosa. Akavua jaketi, akakosa. Mara ya tano aliacha kucheka. Mpira ulikuwa umekwenda mpaka kwenye maua ya akina mama, akaufuata, akaurudisha bila kuniangalia.

Niliuchukua mwavuli. Magoti yangu yalilia kama mlango wa kabati nilipoinama. Sikumbuki kama niliona kwanza au nilipiga kwanza, ila ncha ilipita ndani ya mpira, nikausindikiza, ukagusa mwekundu, ukakunja, na ukafika kwa mweupe kwa ile sauti ya punje.

Kasereka alitazama jiwe, kisha akanitazama mimi.

"Iyo ni bahati, Tantine."

Nikaipanga tena.